Kosa Lisilo na Mtenda

Karatasi ya zoezi ilikuwa na mistari kumi mitupu. Juu yake mwalimu alikuwa ameandika kwa mkono: tafuta ndani ya makumbusho vitenzi kumi vya kauli ya kutendwa, vinakili, kisha tunga sentensi kwa kila kimoja. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kisanduku cha kioo chenye baiskeli ndogo ya magurudumu matatu, imeungua, imeliwa na kutu. Mwenyewe hakuwa ametimiza miaka minne asubuhi ile ya tarehe 6 Agosti 1945. Baba yake alimzika uani pamoja na baiskeli yake, na miaka mingi baadaye akaifukua na kuikabidhi makumbusho ya Hiroshima.

Nikayasoma maelezo polepole, kidole kikifuata herufi kama mtoto wa chuoni. Nikakiona kitenzi, nacho kilikuwa cha kutendwa. Nikakiandika kwenye mstari wa kwanza na nikafurahi, kama mtu aliyeokota shilingi njiani. Kisha nikainua macho, nikaiona tena ile baiskeli, na nikashikwa na aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Nieleze kwanza nilifikaje pale na penseli mkononi.

Ninasoma shahada ya uzamili ya isimu katika chuo kimoja magharibi mwa Japani. Masomo yetu ni kwa Kiingereza, na ndiyo maana mwaka mzima ulipita nikiweza kuandika kurasa ishirini juu ya vitenzi lakini nisiweze kumweleza muuza dawa kwamba kichwa kinaniuma upande mmoja tu. Kwa hiyo likizo ya Agosti nikajiandikisha kwenye kozi ya wiki mbili mjini Kyoto. Asubuhi tunasoma lugha, mchana tunatembezwa na mwongozaji kwenye mahekalu, bustani na mitaa ya zamani, na Ijumaa ya mwisho tunapanda treni kwenda Hiroshima. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja.

Mpango huo ulinipendeza kwa sababu ya methali tuliyokua nayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Niliona kozi ile inakupa ugeni na jembe ndani ya siku moja. Asubuhi unalima sarufi mpaka jasho linakutoka, mchana unakirimiwa. Sikujiuliza kama yako mashamba ambayo mgeni hapaswi kuingia na jembe lake.

Katika wale kumi na mmoja kulikuwa na kijana kutoka Lubumbashi anayesomea jiolojia. Siku ya kwanza tuliposikia majina ya nchi zetu tukatazamana, tukaanza kusema Kiswahili, na kila mmoja akakicheka cha mwenzake. Yeye alisema changu kinasikika kama taarifa ya habari. Mimi chake nilikisikia kama wimbo ambao maneno nayajua ila mdundo umebadilishwa. Tukakaa dawati moja mpaka mwisho wa kozi.

Wiki ya pili tukafundishwa kauli ya kutendwa, na hapo ndipo sisi wawili tulipopata siku yetu ya kutamba. Mwalimu, ambaye sote tulimwita Sensei, alituonya kwamba wageni wengi hukwama hapa. Kijapani, alisema, hakitumii kauli hii kugeuza sentensi tu. Hukitumia kitenzi cha kutendwa kusema jambo limemfika mtu, limemwangukia, limemwacha vibaya. Akaandika ubaoni: ame ni furareta. Wenzetu wa Ulaya wakakunja nyuso, maana kwao mvua hainyeshi mtu. Mimi nikainua mkono: nilinyeshewa na mvua. Akaandika kasa o nusumareta, ambapo anayesemwa ni mwenye mwavuli na si mwavuli. Mwenzangu akajibu: niliibiwa mwavuli. Akaandika sentensi ya mtu aliyekimbiwa na mkewe, tukacheka wote wawili, tukamwambia kwetu inasemwa hivyohivyo.

Mwisho akaandika, kwa sauti ya chini kidogo: chichi ni shinareta. Darasa likanyamaza. Hawakuelewa inawezekanaje kitenzi "kufa", ambacho hakina wa kutendwa, kikapewa mtendwa. Mimi nilielewa kabla hajamaliza kuandika. Ni kufiwa. Nimefiwa na baba. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, moja ya visiwa vya Pasifiki na nyingine ya pwani ya Bahari ya Hindi, zimeona jambo lilelile: kwamba kifo kina mtu wake wa pili, yule anayebaki, na sarufi imtengee kiti. Nilifiwa na baba nikiwa kidato cha tatu. Sikuwa nimefikiria kwamba lilikuwa jambo la kisarufi. Siku hiyo nililiona kitenzi chetu kama mtu anavyouona mlango wa nyumba yao baada ya kurudi safari.

Mchana wa siku hiyohiyo tukatembezwa. Mwongozaji wetu wa Kyoto alikuwa mstaafu mwenye mwavuli wa njano ambao tuliufuata kama vifaranga. Alituonyesha Kinkaku-ji, hekalu la dhahabu, ambalo mtawa kijana aliliteketeza kwa moto mwaka 1950 na likajengwa upya mwaka 1955. Alitupitisha Gion, akatuonyesha vibao vinavyowakataza wageni kupiga picha kwenye vichochoro vya watu binafsi, vikitaja faini ya yeni 10,000. Wenzangu waliona ni ukali. Mimi nilikulia Mji Mkongwe, Unguja. Nimepigwa picha nikienda chuoni, nimepigwa picha nikinunua urojo, nimepigwa picha nikilia baada ya kuanguka barazani. Niko kwenye albamu za watu nisiowajua duniani kote. Kile kibao nilikipenda.

Kisha, tukiwa ndani ya basi, yule mzee akatuambia jambo ambalo wenyeji wa Kyoto hawalisahau. Mwaka 1945 jina la mji wao lilikuwa kwenye orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki. Hiroshima nayo ilikuwemo. Aliyesimama kidete Kyoto ifutwe ni Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, ambaye miaka ya 1920 aliwahi kuutembelea mji huo. Alitoa sababu za kisiasa pia: kwamba Wajapani wasingeisamehe Marekani kamwe kwa kuuangamiza mji wa namna hiyo. Lakini alijua ni mji wa namna gani. Nafasi kwenye orodha ikajazwa na Nagasaki.

Basi likawa kimya, halafu mmoja wetu akasema, "Kumbe utalii huokoa." Mzee akatabasamu bila kujibu. Mimi sentensi ile ilinikaa kooni. Kama macho ya mgeni mmoja yalichangia kuuokoa mji, basi macho hayohayo, kwa kutokwenda kwingine, yaliuacha mwingine. Wa Hiroshima na wa Nagasaki hawakukosa chochote ila kutokuwa wazuri vya kutosha mbele ya mtu sahihi. Nami nilikuwa nimelipa ada ili nipelekwe kuona yaliyo mazuri.

Ijumaa tukapanda Shinkansen, na haikutimia saa mbili tukawa Hiroshima. Huko tulipokelewa na mwongozaji mwingine, mama wa makamo mwenye kofia pana. Kabla ya neno lolote alitueleza yeye ni nani. Tangu mwaka 2012 mji wa Hiroshima una mpango wa kuwafunza watu kuupokea ushuhuda wa mwathirika mmoja na kuusimulia baada yake, kwa kuwa wenyewe wanazidi kuzeeka na kuondoka. Wapokezi hao huitwa denshōsha. Akasema kwa Kijapani chepesi, kwa ajili yetu: "Mimi sikuwepo. Nitakayosema ni ya mwingine. Amenipa niyabebe." Waathirika wanaitwa hibakusha, na herufi ya kwanza ya neno hilo yenyewe hubeba maana ya kutendwa, ya kufikwa na jambo. Nikajaribu kimoyomoyo: waliolipukiwa. Kiswahili kiliweza tena. Lakini safari hii sikutamba.

Tulimaliza makumbusho tukiwa na karatasi zetu. Yangu ilikuwa na vitenzi vinne, na nilikuwa nimeikunja ndani ya mfuko. Tukatoka kwenye bustani, tukasimama mbele ya kumbukumbu iliyosanifiwa na Kenzo Tange, tao la zege ambalo ukitazama katikati yake unauona mwenge, na nyuma ya mwenge, gofu la lile jengo lenye kuba. Chini ya tao kuna sanduku la jiwe lenye majina ya waliokufa, siku ile na baada ya siku ile. Yamezidi 300,000, na kila Agosti yanaongezwa. Mbele ya sanduku kuna maandishi yaliyozinduliwa mwaka 1952.

Maandishi ni mafupi. Yanawaomba waliolala hapo wapumzike kwa amani, kisha yanatoa sababu: kosa halitarudiwa. Hivyo ndivyo nilivyoyasema mimi kwa haraka, na hapo hapo nimekwisha kuyaharibu. Kijapani hakilazimishi kitenzi kiwe na mtenda. Kitenzi kilichochongwa pale, cha kurudia, kimekanushwa kwa lugha ya heshima ya zamani, nacho si cha kutendwa. Ni cha kutenda kabisa. Yuko anayeahidi kwamba hatarudia. Ila hakutajwa.

Mama mwongozaji akatuambia, "Kila mmoja aseme sentensi hii kwa lugha ya kwao."

Wenzetu walianza. Mimi na wa Lubumbashi tukatazamana, maana tulijua kilichokuwa kinatusubiri. Kiswahili hakina kitenzi kinachosimama bila mwenyewe. Huwezi kufungua kinywa kabla hujachagua kiambishi, na ukichagua kiambishi umetoa hukumu. Hawatalirudia: basi ni wao, Wamarekani, na sisi tuliosimama hapa ni mashahidi tu. Hatutalirudia: basi ni sisi, lakini sisi nani? Halitarudiwa: kosa lenyewe linafanywa kiima, na mtenda anajificha nyuma ya herufi moja. Nikajaribu hata kutolirudia, lakini hiyo haiahidi kitu.

Wajapani wenyewe waligombana juu ya pengo hilo. Mwaka huohuo wa 1952 Radhabinod Pal, jaji wa Kihindi aliyekuwemo katika mahakama ya Tokyo na kutaka washtakiwa wote waachiwe, aliyapinga maandishi hayo: kama kosa ni bomu, waliolitenda si hawa. Wengine walijibu kwamba kosa ni vita vyenyewe, na Hiroshima ilikuwa mji wa jeshi, ambao bandari yake ilisafirisha askari kwenda China. Mji baadaye uliweka maelezo kwamba anayesema ni binadamu wote, yeyote anayesimama pale. Na pembeni ndani ya bustani hiyohiyo iko kumbukumbu ya Wakorea waliokufa kwa bomu, ambayo tangu 1970 mpaka 1999 ilikuwa nje ya bustani. Hata kuingia katika "sisi" ya wafu kulichukua miaka ishirini na tisa.

Zamu yangu ilipofika, kilichonitoka kinywani hakikuwa tafsiri. Kilikuwa methali. Bibi alikuwa akiisema kila tulipovunja kitu, na walimu waliisema kila tulipofeli: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Niliisema kwa Kiswahili, nikaanza kuifasiri kwa Kijapani, na nikafika katikati ndipo nikajisikia. Kufanya kosa si kosa. Nilikuwa nayasema maneno hayo mbele ya sanduku la majina zaidi ya 300,000. Nikanyamaza. Nikasema samahani, mara mbili.

Methali ile si mbaya. Imewalea watoto wengi bila kuwavunja moyo. Lakini ni methali ya kikombe kilichovunjika, ya hesabu iliyokosewa, ya kosa ambalo aliyekosewa bado yupo na anaweza kutabasamu. Inampa nafasi aliyekosa, na inaweza kumpa kwa sababu aliyekosewa hajapoteza ya kwake. Pale aliyekosewa amekwisha kuondolewa duniani, nani atasema si kosa? Mimi? Kwa ruhusa ya nani?

Mama mwongozaji hakukasirika. Alinisikiliza, akasema methali hiyo inafanana na yao moja, kisha akamgeukia mwenzangu.

Mwenzangu hakutafsiri. Alikuwa akilitazama lile sanduku. Akanigeukia mimi, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, taratibu: "Ile majiwe ilitokaka kwetu."

Sikuelewa kwa mara ya kwanza. Akaeleza, nami nikawa nawafasiria wengine kwa Kijapani changu kibovu na Kiingereza. Urani nyingi iliyotumika katika mradi wa bomu la Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, wakati Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya kampuni ya Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo mpaka New York mwaka 1940, na Wamarekani walipoyahitaji waliyakuta yapo, yamewekwa ghalani. Wachimbaji walikuwa Waafrika, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya migodi ya Katanga. Babu yake alifanya kazi katika migodi ya kampuni hiyo, ingawa si Shinkolobwe. Hakuna mchimbaji aliyeambiwa mawe yanakwenda wapi.

"Sasa," akaniuliza, "katika hiyo hatutarudia, sisi tuko upande gani?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku hiyo, na sehemu ya mawazo yangu ilikuwa hasira kwamba liliulizwa kwa lugha yangu. Mpaka dakika ile nilikuwa nimejiona salama. Nilikuwa mgeni wa kweli: si Mjapani, si Mmarekani, natoka mahali ambapo vita vile vilisikika redioni. Kumbe yako maneno ya Kiswahili yaliyosemwa chini ya ardhi juu ya mawe yale. Beba. Weka hapa. Jaza.

Je, walikosa, wale wachimbaji? Hapana. Sitaki mtu yeyote anitoe kwenye jibu hilo. Hannah Arendt alionya kwamba pale wote wanapokuwa na hatia, hakuna mwenye hatia, na neno lake linawafaa wanaopenda kuigawa lawama mpaka iwe vumbi. Aliyetoa amri yupo. Aliyeuza yupo. Aliyekuwa na orodha ya miji mkononi, akaufuta mmoja na kuuacha mwingine, yupo, na jina lake tumelitaja. Ukisema "sisi sote tulikosa" kabla ya kuwataja hao, umewafanyia fadhila kubwa kwa kumtumia mchimba mawe kama kivuli.

Lakini maandishi ya Hiroshima hayasemi nani alikosa. Hilo nililiona usiku, hotelini, nikiwa nimeikunjua karatasi yangu yenye vitenzi vinne. Kosa linatajwa, mtenda wake hatajwi. Kinachosemwa ni ahadi. Na ahadi si lazima itolewe na aliyekosa. Hatia hurudi nyuma kumtafuta mtu wake, na isimpate mwingine. Wajibu hutazama mbele na kumshika yeyote aliyepo. Mjukuu wa mchimbaji hana hatia yoyote, lakini anasomea jiolojia, na siku moja ataulizwa mawe ya kwao yanakwenda wapi. Babu yake hakuwa na nafasi ya kuuliza. Yeye anayo. Hapo "hatutarudia" inaweza kuwa yake bila kuwa ungamo.

Laiti ningeishia hapo. Lakini swali lilikuwa limekwisha kuvuka bahari.

Ami yangu ni mwongoza watalii Unguja. Kituo chake kikuu ni Mkunazini, penye kanisa la Anglikana lililojengwa juu ya soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, na watalii hupiga picha pale. Nikiwa mdogo nilimfuata Ami siku za likizo, na maneno yake nayajua kwa moyo. Waliletwa kutoka bara. Walifungwa. Walipimwa nguvu zao. Waliuzwa. Hotuba nzima iko katika kauli ya kutendwa. Siku moja nikamuuliza, mbele ya wageni, "Ami, nani aliwauza?" Akacheka, akasema, "Ni biashara ya zamani hiyo, mwanangu," tukaendelea na safari.

Nyumbani nikamuuliza Bibi. Bibi hakucheka. Aliniambia nyumba yetu ina watu wa kila upande, na mtoto mwenye adabu hachimbi chini ya ukuta anaoegemea. Nilichukua muda mrefu kuelewa alichokuwa ameniambia: kwamba katika ukoo wetu wako walionunuliwa, na wako walionunua, na wajukuu wao walioana, na mimi ndiye matokeo. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897. Bibi wa bibi yangu alizaliwa kabla ya hapo. Alikuwa upande gani, hajapata kuniambia mtu.

Tena kuna hili. Kauli ya kutendwa, kama Sensei alivyotufundisha, ni kiti cha aliyefikwa. Aliyefiwa anasema nimefiwa, na hatumwombi aanze kwa kumtaja aliyekufa au aliyeua. Hibakusha akisema nililipukiwa, sentensi yake imekamilika. Ni yake kwa haki. Lakini kiti hicho kinakalika pia na mtu mwingine: yule anayekipenda kwa sababu hakimuulizi kitu. Ami anaposema "waliuzwa", anasema kama nani? Kama aliyeuzwa? Au kama mtu wa nyumba ile ile ya kununua na kuuza, anayewapitisha wageni haraka kabla hawajamuuliza mtoto? Sentensi ni ile ile, herufi kwa herufi. Ukweli wake unategemea kinywa.

Ndiyo maana yule mama wa Hiroshima alianza kwa kusema yeye ni nani. Asubuhi nilidhani ni adabu ya Kijapani tu. Alikuwa anatuonyesha risiti. Anayasema ya kutendwa, lakini amekwisha kutuambia ni ya nani, na kwamba yeye ni mbebaji. Na ndiyo maana penseli yangu ilinitia aibu mbele ya baiskeli ya mtoto: nilikuwa navikusanya vitenzi vya waliotendwa bila kusema mimi ni nani na navipeleka wapi. Sidhani kosa lilikuwa kuchanganya masomo na matembezi. Bila yale masomo nisingeliona pengo katika sentensi ya jiwe, ningepiga picha na kupita. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kuielewa sarufi ya mtu ni sawa na kuruhusiwa kuitumia.

Jumamosi asubuhi, kabla hatujaagana, Sensei alikusanya karatasi. Nikampa yangu na vitenzi vinne. Chini yake, badala ya sita vilivyobaki, nilikuwa nimeandika sentensi moja kwa Kiswahili yenye hatu-, na maelezo kwa Kijapani kwamba lugha yangu hainiruhusu kuiacha nafasi ile wazi. Aliisoma mbele yangu. Akaniuliza, kwa sauti ile aliyoitumia siku ya "kufiwa", hiyo "hatu" ni ya akina nani. Nikamwambia bado naihesabu.

Jioni nikampigia Ami. Shikamoo, marahaba, hali ya huko, joto la huko. Nikamsimulia kila kitu, mpaka Shinkolobwe. Alisikiliza. Mwisho nikamuuliza lile swali la utotoni, safari hii kwa adabu: kwa nini asiseme nani?

Alikaa kimya muda nikadhani mtandao umekatika.

"Unataka niwaambie nini wageni?" akasema. "Wako Waarabu walionunua, wako Wahindi waliokopesha, wako watu wa bara waliouza jirani zao, wako Wazungu waliokula karafuu. Na wako wa kwetu. Nikianza kutaja, mgeni anashika hilo moja analolipenda, anaondoka nalo."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ami anamjua mgeni kuliko mimi, amemwongoza miaka thelathini. Yule anayetaka kusikia ni Waarabu tu atasikia ni Waarabu tu. Kauli ya kutendwa ilikuwa pia njia yake ya kutompa mgeni fimbo ya kumpigia mwenyeji mmojawapo. Sikuwa na jibu, na sikujifanya ninalo.

"Hata hivyo," nikasema, "ungeanza kwa kusema wewe ni nani. Kwamba nyumba yetu ina pande zote mbili."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Akacheka kile kicheko chake cha zamani, ila kifupi. "Wewe unarudi lini?"

Nikamwambia Machi, nikimaliza tasnifu.

"Basi njoo uwaambie wewe," akasema. "Nitakupa kundi la saa tatu asubuhi."

Nimebakiwa na miezi saba. Kila ninapopata nafasi naiandika sentensi ya kwanza ya matembezi hayo, ile ya kujitambulisha, na kila mara nakwama kwenye kiambishi.